Hataza Ugenini: Tarehe Kwanza, Pesa Baadaye

Hataza haivuki mpaka. Hati iliyotolewa Nairobi na Taasisi ya Miliki ya Viwanda ya Kenya, KIPI, inamlinda mvumbuzi ndani ya Kenya tu. Ikifika mpakani Namanga nguvu yake imekwisha. Mtu akitengeneza kifaa kilekile Arusha, Guangzhou au Hamburg na kukiuza hukohuko, kisheria hajamkosea mwenye hataza wa Nairobi hata kidogo. Hakuna hataza ya dunia, wala hakuna ofisi iliyopewa mamlaka ya kuitoa. Anayetaka kulindwa katika nchi kumi hana budi kulindwa kwa sheria za nchi kumi, kila moja na lugha yake, ada yake na masharti yake. Mikataba ya kimataifa imepunguza mizunguko, lakini ukweli huo umebaki palepale.

Mikataba yenyewe ilizaliwa na hofu. Mwaka 1873 yalifanyika maonyesho makubwa mjini Vienna, na wavumbuzi wengi wa nje wakasita kupeleka mashine zao: waliona kwamba watakachoonyesha mchana kitaigwa usiku, na hawatakuwa na sheria ya kukimbilia. Miaka kumi baadaye, tarehe 20 Machi 1883, nchi 11 zikatia saini Mkataba wa Paris wa Kulinda Miliki ya Viwanda. Leo mkataba huo una nchi zaidi ya 170, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mambo mawili yaliyomo ndiyo yanayobeba yote yanayofuata. La kwanza ni kwamba mgeni atendewe kama mwenyeji: ofisi ya Tokyo haiwezi kumnyima Mkenya hataza kwa sababu ya paspoti yake. La pili ni haki ya kipaumbele, na hapo ndipo pa kukaa kwa muda.

Kipaumbele ni tarehe. Mvumbuzi akishawasilisha ombi lake la kwanza katika nchi yoyote mwanachama, anapata miezi 12 ya kulipeleka ombi hilohilo katika nchi nyingine, na ofisi za huko zitalipima kana kwamba lilizifikia siku ile ya kwanza. Mwingine akichapisha jambo lilelile katikati ya miezi hiyo, au akiwahi kuomba hataza huko ugenini mwezi wa nane wa muda huo, bado atahesabiwa kuwa amekuja nyuma. Kwa maumbo ya bidhaa na alama za biashara muda ni miezi 6 tu, na ni rahisi kujikwaa hapo kwa kudhani kwamba kila kitu kina mwaka mzima.

Ichukuliwe kalenda ya ombi moja, la kubuni lakini lenye tarehe zinazohesabika. Fundi wa Kisumu aliyetengeneza kikaushio cha omena anawasilisha ombi lake KIPI Jumatatu tarehe 3 Machi 2025. Mwisho wake wa kwenda nje akiwa bado na kipaumbele ni Jumanne tarehe 3 Machi 2026. Akiwasilisha siku hiyo ombi la kimataifa, njia itakayoelezwa mbele, litachapishwa mara baada ya miezi 18 tangu tarehe ya kwanza, yaani mwanzoni mwa Septemba 2026, na kuanzia hapo mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Ijumaa tarehe 3 Septemba 2027, miezi 30 tangu mwanzo, mlango wa Marekani, China na Japani unaanza kufungwa. Ulaya inatoa miezi 31, ambayo inaangukia Jumapili tarehe 3 Oktoba, kwa hiyo ofisi yake itapokea hadi Jumatatu. Tarehe zote hizo zimefungwa kwenye ile Jumatatu moja ya Machi 2025. Aliyepitwa na miezi 12 anaweza, kwa ombi la kimataifa, kusihi arudishiwe kipaumbele ndani ya miezi 2 zaidi, lakini lazima aeleze kilichomchelewesha, na si kila nchi itayakubali maelezo hayo.

Wavumbuzi wa Afrika Mashariki wanapozungumzia hataza za nje, kinacholaumiwa kwanza ni gharama. Lawama hiyo ina haki yake, lakini inaficha jambo zito zaidi. Bili kubwa huja mwaka wa tatu. Linaloweza kuua ombi la nje hutokea kabla ya siku ya kwanza, na halina gharama yoyote: mvumbuzi amesema.

Karibu kila nchi inadai mambo matatu ya uvumbuzi wenyewe: uwe mpya, uwe na hatua ya kiuvumbuzi ambayo mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo asingeifikia kirahisi, na uweze kutumika viwandani, kilimo kikiwemo. Katika hayo, upya ndio usio na huruma. Uvumbuzi haupimwi kwa kuangalia kama upo katika nchi inayoombewa. Unapimwa dhidi ya chochote kilichowahi kuwekwa wazi popote duniani, kwa lugha yoyote, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa kutumika. Tasnifu iliyowekwa kwenye maktaba ya chuo kikuu ni uwekaji wazi. Bango la mkutano wa wanasayansi ni uwekaji wazi. Video ya dakika mbili mtandaoni inayoonyesha kifaa kikifanya kazi ni uwekaji wazi, na aliyeipandisha akiwa mvumbuzi mwenyewe, basi amejiziba njia kwa mkono wake.

Hapa sheria za nchi zinaachana vibaya. Marekani inamvumilia mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe kwa mwaka mmoja kabla ya kuwasilisha ombi. Japani nayo inatoa mwaka mmoja, kwa masharti ya kutoa taarifa. Sheria ya Kenya ya Miliki ya Viwanda ya mwaka 2001 ina uvumilivu wa miezi 12 pia, na ni uvumilivu huo wa nyumbani unaoweza kumpoteza mtu: anajitangaza Januari, anaomba Oktoba, anapokelewa Nairobi bila shida, kisha anafika Ulaya na kukuta mlango umefungwa. Mkataba wa Hataza za Ulaya hauna mwaka wa huruma. Unasamehe mambo mawili tu, tena kwa miezi 6: siri iliyotolewa kwa hila dhidi ya mwombaji, na maonyesho rasmi ya kimataifa yanayotambuliwa na mkataba wa maonyesho uliotiwa saini Paris mwaka 1928. Banda la Nane Nane halimo humo. Sabasaba haimo, wala maonyesho ya kilimo ya Nairobi. Mvumbuzi aliyesimama mbele ya kifaa chake kwenye viwanja hivyo, akakifungua na kueleza kinavyofanya kazi kwa kila aliyepita, na hana ombi lililopokelewa popote, ameipa Ulaya kwaheri siku hiyo.

Vyuo vikuu vina deni hapa. Mwanafunzi anahimizwa achapishe haraka, ashindane kwenye maonyesho ya ubunifu, aonekane kwenye televisheni, na anayempongeza hamuulizi kama ombi limeshawasilishwa. Swali hilo lingepaswa kuwa kwenye fomu ya kila shindano la wabunifu, mstari wa juu kabisa. Anayelazimika kuzungumza mapema, na mwekezaji au na mwenye karakana, ana dawa ya kawaida: mkataba wa kutunza siri uliotiwa saini kabla ya mazungumzo. Aliyeelezwa chini ya mkataba kama huo si umma.

Upya unakata pande zote mbili, na umewahi kuwalinda watu wa kawaida dhidi ya wenye nguvu. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza ya dawa ya kuua kuvu iliyotengenezwa kwa mafuta ya mwarobaini, waombaji wakiwa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Watetezi kutoka India na Ulaya walipinga, wakileta ushahidi kwamba wakulima wa India walikuwa wakiyatumia mafuta hayo kwa kazi hiyo tangu zamani. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Kwa sababu hiyohiyo kiondo chenyewe, kama kinavyosukwa tangu enzi za mabibi, hakiwezi kupata hataza halali popote. Mgogoro wa kikoi nchini Uingereza, ambao bado hutajwa kila mara mjadala wa vitu vya jadi unapozuka, ulihusu jina kusajiliwa kama alama ya biashara. Hataza haikuwemo, na kuvichanganya viwili hivyo kunamfanya mtu atafute tiba kwenye ofisi isiyohusika.

Kabla ya kuomba, basi, kuna kutafuta. Hifadhi ya Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina nyaraka zaidi ya milioni 150, na Patentscope ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, inafunguka bure kwa simu ya mkononi. Jioni tatu za kusoma hataza za vikaushio vya samaki zinaweza kumwonyesha fundi wa Kisumu kwamba wazo lake la chumba chenye paa la kioo ni la zamani, na kwamba kilicho kipya ni kile kidirisha alichokiona kuwa kitu kidogo.

Baada ya nini, ni nani. Ombi la nje lazima liwasilishwe na mtu yuleyule aliyewasilisha la kwanza, au na aliyerithishwa haki hiyo kwa hati. Sharti hili linaonekana la kikarani hadi pale linapoangusha jengo zima. Broad Institute ya Marekani ilipata hataza ya Ulaya juu ya teknolojia ya CRISPR ya kuhariri jeni, mojawapo ya hataza zilizogombaniwa zaidi karne hii. Maombi ya awali ya Marekani yalikuwa na mwombaji mmoja ambaye hakutajwa kwenye ombi lililofuata, wala haki yake ya kipaumbele haikuwa imehamishwa. Ulaya ikasema kipaumbele hakikurithiwa sawasawa. Tarehe ikasogea mbele, machapisho yaliyotoka katikati yakageuka ushahidi dhidi ya ombi, na hataza ikafutwa mwaka 2018. Rufaa ilishindwa Januari 2020. Tangu mwaka 2023 ofisi hiyo imelegeza kidogo, inamchukulia mwombaji kuwa ana haki hadi anayepinga athibitishe vinginevyo, lakini hati iliyotiwa saini mapema bado ndiyo kinga pekee ya kutegemea. Kwa mazingira ya Afrika Mashariki hati hiyo inagusa watu wengi kuliko wanavyodhani: mwanafunzi wa uzamili, msimamizi wake, chuo, mfadhili wa nje mwenye kifungu chake kwenye mkataba wa ruzuku, na fundi wa karakana aliyependekeza badiliko lililofanya kifaa kifanye kazi. Huyo wa mwisho, kama mchango wake umo kwenye madai, ni mvumbuzi, na nchini Marekani kumwacha kwa makusudi kunahatarisha hataza yote.

Sharti jingine linawahusu Waswahili walio ng'ambo. Uvumbuzi uliofanyika Marekani hauruhusiwi kupelekwa kwanza ofisi ya nchi nyingine bila kibali cha serikali ya huko, au bila kusubiri miezi 6 tangu ombi lilipowasilishwa Marekani. Mhandisi Mtanzania anayeishi Texas akiamua kwa uzalendo kuanza Dar es Salaam, anaweza kuipoteza hataza yake ya Marekani. India inamtaka mkaazi wake aombe kibali au asubiri wiki 6, na China inadai uvumbuzi uliokamilishwa huko upitie ukaguzi wa siri kabla haujatoka. Katika sheria hizi kinachohesabika ni mahali kazi ilipofanyika au mtu anapoishi, wala si uraia peke yake.

Njia za kwenda nje ni tatu. Ya kwanza ni moja kwa moja: ndani ya miezi 12 ombi linapelekwa kila nchi inayotakiwa. Inafaa nchi zikiwa mbili au tatu na mvumbuzi anazijua tayari.

Ya pili ni Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, unaojulikana kwa herufi PCT, uliotiwa saini Washington mwaka 1970 na kuanza kufanya kazi mwaka 1978. Kenya iliingia mwaka 1994, Uganda mwaka uliofuata, Tanzania mwaka 1999. Ombi moja, kwa lugha moja, linahesabika kama limewasilishwa katika nchi wanachama zote, zaidi ya 150. Hapa kuna kosa la kusahihishwa waziwazi: PCT haitoi hataza. Inatoa muda na inatoa ripoti. Ripoti ya utafutaji inaorodhesha nyaraka za zamani zinazokaribiana na uvumbuzi, pamoja na maoni ya mkaguzi juu ya upya na hatua ya kiuvumbuzi, na kwa mtu asiye na kampuni nyuma yake ripoti hiyo ina thamani kuliko muda wenyewe. Inamwambia kama inafaa kuendelea kabla hajauza ng'ombe.

Ya tatu ni ofisi za kanda. Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lina makao yake Harare, na Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 inaruhusu ombi moja kwa Kiingereza linalotaja nchi zinazotakiwa: Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Zambia, Malawi na nyinginezo. Harare inakagua, kisha kila nchi iliyotajwa ina miezi 6 ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Kwa bidhaa itakayouzwa Mwanza, Entebbe na Kisumu, njia hii inatosha na inagharimu sehemu ndogo ya safari ya Ulaya, nayo haitumiwi na wenyeji kadiri inavyostahili. Afrika Kusini na Nigeria hazimo, wala Burundi na Kongo ya Kinshasa. Huko ni kuomba nchi kwa nchi. Nchi 17, nyingi zinazotumia Kifaransa, zina ofisi yao Yaoundé, OAPI, na hataza yake moja inazifunika zote kwa pamoja. Ulaya nayo ina ofisi yake Munich, na tangu tarehe 1 Juni 2023 mwenye hataza ya Ulaya anaweza kuifanya kuwa moja kwa nchi zinazoshiriki za Umoja wa Ulaya, sasa 18, badala ya kuisajili mojamoja.

Ombi lenyewe lina sehemu zinazofanana karibu kila mahali: maelezo ya uvumbuzi, madai, michoro inapohitajika, na muhtasari. Maelezo lazima yamwezeshe mtaalamu wa fani kukitengeneza kitu hicho bila kumpigia simu mvumbuzi. Hayo ndiyo mapatano yaliyo ndani ya hataza: umma unapewa ujuzi kamili, mvumbuzi anapewa miaka 20. Na kilichosahauliwa siku ya kwanza hakiongezwi baadaye. Ulaya ni kali mno hapo. Hata neno linalopanua kidogo maana ya maelezo ya mwanzo linaweza kufuta hataza miaka mingi baada ya kutolewa.

Uzito wote, hata hivyo, uko kwenye madai, sentensi zinazochora mpaka wa haki. Fundi wa Kisumu akiandika mwenyewe, huenda akadai hivi: “Kikaushio cha omena chenye chumba cha mbao, trei sita za waya wa mabati, na kidirisha cha juu kinachofunguka chenyewe kwa kamba ya katani inayofupika ikilowa.” Maneno hayo ni ya kweli, ndivyo kilivyo kifaa chake. Lakini mshindani akitumia trei tano, au za plastiki, au uzi wa nailoni, yuko nje ya dai na hana kesi ya kujibu. Wakala mzoefu angeuliza kitu gani hasa kinafanya kazi, kisha angeandika: “Kikaushio cha samaki wadogo chenye chumba, angalau trei moja yenye matundu, tundu la kutolea hewa, na kiungo kinachobadilika urefu kwa unyevu, kilichounganishwa na kifuniko cha tundu hilo ili kulifungua unyevu wa chumbani unapozidi.” Mbao, mabati, katani na idadi ya trei zinashuka kwenye madai ya chini yanayotegemea hili, ziwe ngome za kurudi nyuma mkaguzi akilikataa la juu. Idadi ya madai nayo ina bei: Ulaya inatoza zaidi kuanzia dai la 16, Marekani kuanzia la 21 na kuanzia dai la kujitegemea la nne.

Kila nchi pia ina vitu isivyovipa hataza, na ombi linaloandikwa Nairobi lazima liwe limevitazama. Ulaya haitoi hataza kwa njia ya kumtibu mgonjwa, ila inatoa kwa dawa au kifaa. Marekani inatoa kwa vyote. Programu ya kompyuta na mbinu ya biashara zikisimama peke yake zinakataliwa Ulaya, na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Alice mwaka 2014, huko nako zinapita kwa taabu. Kwa wabunifu wa huduma za fedha kwa simu, uwanja ambao Afrika Mashariki inajivunia, habari hii ni nzito: kinachoweza kulindwa ni suluhisho la kiufundi lililo ndani ya mfumo, kama lipo.

Miezi 30 inapofika, ndipo masharti ya kila nchi yanapodaiwa. Tafsiri ndiyo ya kwanza: Kijapani kwa Tokyo, Kichina kwa Beijing, na kwa Munich mojawapo ya Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. China inaruhusu miezi 2 ya ziada kwa kulipia. Ombi la PCT huchapishwa kwa lugha kumi: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza, Kijapani, Kijerumani, Kikorea, Kireno na Kirusi. Kiswahili hakimo. Mamilioni ya wanaokitumia kiwandani na karakanani wanalazimika kueleza uvumbuzi wao kwa lugha ya pili katika hati ambayo neno moja lina thamani ya soko zima, na Umoja wa Afrika, uliokwisha kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi, una sababu ya kulipeleka suala hilo WIPO, Geneva.

Pamoja na tafsiri anatakiwa wakala wa nchi husika. China na Ulaya haziruhusu mgeni asiye na makazi huko kuendesha ombi lake mwenyewe, na Japani inadai msimamizi anayeishi nchini. Hufuata hati ya uwakili, hati za kuhamisha haki, nakala iliyothibitishwa ya ombi la kwanza na tamko la mvumbuzi. Marekani inamtaka kila mhusika aitajie ofisi nyaraka zote anazozijua zinazoweza kuathiri ombi, zikiwemo zilizomwumiza kwenye ripoti za nchi nyingine. India inataka orodha ya maombi yote ya nje na hali yake. Kwa uvumbuzi uliotokana na mmea, mdudu au kijidudu, sharti la kutaja asili yake linaenea. Vijidudu vilivyochukuliwa Ziwa Bogoria miaka ya 1990 vilizaa vimeng'enya vya sabuni na vya kufifisha nguo za jinzi, na hataza zikaandikishwa mbali na Baringo. Tarehe 24 Mei 2024 nchi wanachama wa WIPO zilipitisha mkataba unaotaka mwombaji ataje nchi ya asili ya rasilimali za kijeni na jamii iliyotoa maarifa ya jadi. Unaanza kufanya kazi nchi 15 zikishauridhia, na serikali za kanda hii hazipaswi kuwa za mwisho.

Sasa pesa. Ada ya msingi ya ombi la kimataifa ni faranga za Uswisi 1,330, lakini mtu binafsi wa nchi nyingi zinazoendelea, na mwombaji yeyote wa nchi zilizo nyuma kimaendeleo kama Tanzania, Uganda na Rwanda, anapunguziwa asilimia 90. Zinabaki faranga 133. Ada ya utafutaji inategemea ofisi iliyochaguliwa, na baadhi, Ulaya ikiwemo, huwapunguzia watu binafsi wa nchi za kipato cha chini robo tatu. Bila kuziomba nafuu hizi kwenye fomu, mtu analipa zote. Baada ya ombi kuchapishwa, barua zenye nembo za kuvutia huanza kufika zikidai malipo ya “usajili wa kimataifa”. WIPO imeonya juu yake kwa miaka mingi, na hazipaswi kulipwa.

Gharama halisi ni mawakala, tafsiri na majibu kwa wakaguzi, nchi baada ya nchi, kwa hiyo uchaguzi wa nchi ndio uamuzi wa kibiashara ulio mkubwa kuliko wote. Zifaazo ni zile ambako kitu kitauzwa kwa wingi, au ambako mshindani ana kiwanda. Kwa kikaushio cha omena, ARIPO ina maana, na China ina maana kama kuna hofu ya kuigwa huko kwa ajili ya soko la hapa. Uswisi haina. Mpaka uleule unaomwacha mvumbuzi bila kinga unampa pia uhuru: hataza nyingi za dunia hazikuombwa Kenya wala Tanzania, na kilichoelezwa humo kinaweza kutengenezwa na kuuzwa hapa kihalali, mradi kisipelekwe nchi kinakolindwa. Vyuo vya ufundi vingepaswa kufundisha kuzisoma hataza hizo kama vinavyofundisha kuchora.

Baada ya kupokelewa, ombi linakaguliwa upya kila nchi. Mkaguzi wa Munich hafungwi na wa Beijing, na barua za kukataa ni jambo la kawaida. Hujibiwa kwa hoja au kwa kupunguza madai, ndani ya muda uliowekwa. Hataza ya Ulaya ikitolewa, mtu yeyote ana miezi 9 ya kuipinga. Kisha ada za kuilinda: Ulaya kila mwaka kuanzia wa tatu, hata ombi likiwa bado linakaguliwa, na Marekani mara tatu, miaka 3 na nusu, 7 na nusu na 11 na nusu baada ya kutolewa. Isiyolipiwa hufa. Isiyotumika nchini kwa miaka kadhaa inaweza kufanya mwingine apewe leseni ya lazima. Kwa fundi wa Kisumu, akilipa yote, miaka 20 inahesabiwa tangu siku ya ombi la kimataifa, wala haihesabiwi tangu ile Jumatatu ya kwanza. Tarehe 3 Machi 2046 kinga ya nje inaisha, na kidirisha kinachofunguka chenyewe kinakuwa cha kila mkaushaji wa samaki.